Miksi ya nyimbo za mabaharia: maharamia hawahusiki sana

Ukitaka kutengeneza miksi ya shanti, yaani nyimbo za kazi za mabaharia wa merikebu za matanga, jambo la kwanza utakalokutana nalo ni picha ya fuvu na mifupa, alama ya maharamia. Hapo ndipo mambo yanapoanza kwenda mrama. Hizi hapa dhana potofu ninazozisikia, moja baada ya nyingine.

"Shanti ni nyimbo za maharamia." Maharamia wa Karibea walikuwa wameshazimwa kufikia miaka ya 1730. Shanti nyingi tunazozijua ni za karne ya 19, na waliziimba mabaharia wa merikebu za biashara. Matajiri wa meli walibana matumizi, mabaharia wakawa wachache, basi kila mvuto wa kamba ulilazimika kuwa wa pamoja. Manowari za Uingereza zilikuwa na watu tele, na humo kuimba kazini kwa kawaida kulikatazwa. Ule wimbo wa watu kumi na watano na chupa ya ramu chanzo chake ni *Treasure Island*, riwaya ya Robert Louis Stevenson iliyotoka kama kitabu mwaka 1883. Uweke ukipenda, ila ni wimbo wa hadithini.

"Bora uchangamshe, zote ni mamoja." Dhana hii ndiyo inayoharibu miksi nyingi. Kila kazi melini ilikuwa na mwendo wake. Wakati wa kutweka tanga, mwimbishaji anatoa mstari peke yake huku wenzake wakivuta pumzi na kushika kamba vizuri; kiitikio kikija, wanavuta, mara nyingi mara mbili. Kwa kazi fupi ya kukaza kamba, mvuto ni mmoja tu: katika "Haul Away, Joe" unaangukia neno la mwisho, na ukisikiliza vizuri utasikia waimbaji wakilikata kama watu waliobanwa kifua. Kung'oa nanga ni kazi nyingine kabisa. Watu wanasukuma duara, yaani mtambo wa kuzungusha unaovuta nanga, kwa mwendo wa polepole, pengine kwa saa nzima, ndiyo maana "Shenandoah" inatiririka bila haraka. "Drunken Sailor" ni ya kukimbia na kamba sitahani, miguu ikipiga mbao.

Kwa hiyo mimi hupanga kwa kazi: nanga kwanza, kisha matanga, kisha pampu za kutolea maji yaliyoingia melini. Kwenye pampu "Leave Her, Johnny" haina mpinzani. Iliimbwa safari ikikaribia kwisha, na ndani yake mabaharia walimwaga yote kuhusu chakula kibovu na nahodha mkali, mambo ambayo wasingethubutu kuyasema kwa maneno makavu.

"Wellerman ni shanti." Nathan Evans, aliyekuwa akipeleka barua huko Uskoti, aliuvumisha mtandaoni mwanzoni mwa 2021, na dunia nzima ikauita shanti. Ni wimbo wa kusimulia, wa wavuvi wa nyangumi wa New Zealand. Jina linatokana na ndugu wa ukoo wa Weller, walioanzisha kituo cha nyangumi Otago mwaka 1831. Haukuwa wa kuvutia kamba. Mahali pake ni sehemu ya jioni, watu wakiwa wamekaa.

"Ni urithi wa Wazungu." Katika bandari ya Mobile, Alabama, vibarua Weusi walishindilia marobota ya pamba ndani ya meli huku wakiimba, na mtindo wao wa kuimbisha na kuitikia ukaingia kwenye shanti. Halafu bahari si Atlantiki peke yake. Mabaharia wa Kuwait waliofika pwani yetu kwa kaskazi nao walitweka matanga kwa nyimbo, na fijiri, muziki wa wazamia lulu wa Bahrain, uliingia kwenye orodha ya urithi ya UNESCO mwaka 2021. Makofi yake, mtungi wa udongo unaopigwa kwa mikono na ule mngurumo mzito wa waitikiaji utakuamsha katikati ya miksi.

"Bila kodiani haijakamilika." Mikono ilikuwa kwenye kamba. Chagua rekodi za sauti tupu.

"Wimbo ukianza lazima umalizike." Mwimbishaji alirefusha au kufupisha kulingana na kazi, akibuni beti papo hapo. Tanga likifika juu, amri ya kufunga kamba ilitolewa na wimbo ukakatika hapo hapo, hata katikati ya ubeti. Kwa hiyo kata bila woga, na uingize unaofuata juu ya kiitikio.