Kabla hujatuma ile pesa ya rejistresheni, uliza mtihani unatoka wapi

Swali naloulizwa kuliko yote hapa Mombasa kwenye dawati la admishoni, hasa matokeo ya fomu foo yakishatoka, ni "hiki chuo kimesajiliwa?" Na mimi siku zote nawajibu wazazi kwamba hilo ni nusu ya swali, nusu nyengine ndo inayowaliza watu.

Manake iko hivi. Chuo cha ufundi Kenya kinasajiliwa na kupewa leseni na TVETA, yaani mamlaka ya elimu ya ufundi, kwa sheria ya 2013, na chuo kikuu kiko chini ya Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, sheria ya 2012. Hiyo wengi washaijua. Wasichojua ni kwamba kusajiliwa chuo ni kitu kimoja na kukubaliwa kozi ni kitu chengine, kwa hivo unaweza ukaingia mahali hapo mjini ukaona cheti kimetundikwa ukutani kwenye fremu, halali kabisa, lakini kile cheti ni cha kompyuta na urembo, halafu ndani wanafundisha nesi kwa sababu nesi ndo inayouza. Nshaona kijana amekaa miaka miwili, karo amelipa yote, siku ya mtihani hana namba ya mtihani. Sikitaji chuo, ila mzazi wake alikuja hapa na mfuko wa risiti na mimi sikuwa na la kumsaidia.

Kwa hivo uliza hivi: hii kozi mtihani wake unatungwa na nani, na nikimaliza leseni ya kufanya kazi natoa wapi? Wakikwambia KNEC (baraza la mitihani la taifa), au CDACC (baraza la mitihani ya ufundi), au KASNEB kama ni uhasibu, sawa, hizo ni taasisi zinazojulikana, unaweza kupiga simu au kwenda kwenye tovuti zao ukahakikisha. Wakikwambia "mtihani wetu wenyewe, cheti chetu kinatambulika hadi nje", chukua mkoba wako uondoke.

Nesi nitaisema peke yake kwa sababu ndo yenye machozi mengi. Chuo cha uuguzi lazima kikubaliwe na Baraza la Wauguzi, na mwanafunzi mwenyewe anasajiliwa na baraza akiwa bado anasoma, akimaliza anafanya mtihani wa baraza ndo apewe leseni. Diploma ya uuguzi yataka C plain na masomo yake, ikiwemo bayolojia. Sasa mtu akikwambia mwanao ana D+ na atamchukua diploma ya nesi mwezi ujao, hapo hakuna nesi. Kuna ile kozi ya keagiva, ya kuangalia wazee na wagonjwa nyumbani, si kozi mbaya na kazi yake ipo, lakini keagiva si nesi na asikuuzie jina. KMTC, chuo cha serikali cha mafunzo ya afya, wana kampasi hapahapa Mombasa, waulize wao wenyewe badala ya kumuuliza mtu wa kugawa vikaratasi stejini.

Ya pili ni ubaharia, na sisi watu wa bahari hapa ndo tunapigwa sana. Melini hupandi kwa cheti chochote tu, kuna masharti ya kimataifa yanaitwa STCW, ya tangu 1978, na mwanzo kabisa unatakiwa uwe na mafunzo ya msingi ya usalama: kuzima moto, kujiokoa majini, huduma ya kwanza. Anayesimamia ni Kenya Maritime Authority (KMA), ofisi zao kuu ziko Mombasa hapahapa, wao ndo wanakubali vyuo na wao ndo wanawapa leseni mawakala wa kuajiri mabaharia. Bandari Maritime Academy inafundisha. Kwa hivo ajenti akikuahidi kazi ya meli ya abiria na anataka utume pesa kwenye namba yake ya simu, nenda KMA kwa miguu yako umtaje jina, usione haya.

Sasa wale waliopata D. Watoto wanaambiwa wamefeli, wanajifungia ndani, na mzazi anaenda kununua digrii ya njia ya panya. Ngazi ipo jamani: artisan, cheti cha ufundi cha chini kabisa, haikuulizi gredi, craft, cheti kinachofuata, ni D, diploma kwa kawaida ni C-, digrii ni C+, na ukianzia chini unapanda, craft inakupeleka diploma na diploma inakupeleka chuo kikuu. Itachukua muda, ndio. Lakini hata TUM, Technical University of Mombasa pale Tudor, imepanda hivohivo, ilianza kama MIOME, taasisi ya kufundisha vijana wa Kiislamu ufundi, 1966 ikawa Mombasa Technical Institute, 1972 ikawa Polytechnic, 2007 chuo kikuu kishiriki, 2013 ndo ikawa chuo kikuu kamili. Na yule aliyekwisha kuwa fundi, anachomelea vizuri tu Majengo lakini hana karatasi, si lazima arudi darasani miaka mitatu, NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwandani, wana trade test, anapimwa kwa mikono yake, gredi ya tatu mpaka ya kwanza.

Orodha ya vyuo vyenye leseni iko kwenye tovuti ya TVETA, ni bure. Tafuta jina lote kama lilivyo, sio linalofanana, na uangalie na tawi, manake chuo kinaweza kuwa na leseni Nairobi na hapa kikawa ni vyumba viwili juu ya duka. Chuo cha serikali hakina ajenti wa kupokea karo.

Mkija hapa njooni na matokeo original, na tafadhali mje na mtoto mwenyewe. Juzijuzi baba mmoja alimjazia mwanawe fomu ya ubaharia mpaka mwisho, nilipompigia kijana mwenyewe akanambia yeye hata feri ya Likoni hupanda amefumba macho, na alichotaka ni upishi.