Je, wajua? Mtoto wa kuasili anaweza kufungiwa mama mzazi bila kufungiwa asili yake

Wengi wanaofika ofisi ya ustawi wa jamii ya manispaa kuulizia mtoto wa kuasili, yaani mtoto aliyezaliwa na wengine ambaye kisheria anakuwa wako, huanza na mambo ya karatasi: umri, kipato, barua ya serikali ya mtaa, picha za pasipoti. Swali zito huja mwisho, mguu mmoja ukiwa tayari mlangoni: "Na mama yake je, atajua tunakaa wapi?"

Swali hilo ndilo linalotenganisha namna mbili za kuasili. Kuna kuasili kwa wazi, ambako familia mbili zinafahamiana kwa majina na sura, zinapeana habari, pengine hata kuonana. Na kuna kuasili kwa kufungwa, ambako upande mmoja haujui mwingine ni nani wala yuko wapi. Katikati yake ipo njia ambayo watu huisahau: habari zinakwenda na kurudi kupitia mkono wa tatu, kwa kawaida afisa ustawi wa jamii, bila anwani wala namba za simu kuonekana.

Kufunga si desturi ya kale kama inavyodhaniwa. Jimbo la Minnesota, Marekani, lilitunga sheria ya kuficha kumbukumbu hizi mwaka 1917, na Uingereza ilipata sheria yake ya kwanza ya kuasili mwaka 1926. Kilichosukuma usiri ni aibu waliyobebeshwa wanawake waliozaa nje ya ndoa na watoto wao. Watoto hao walipokua walianza kudai majina ya waliowazaa. Mwaka 1975 Uingereza iliwafungulia watu wazima walioasiliwa kumbukumbu zao za kuzaliwa, na New Zealand ikafanya hivyo mwaka 1985.

Kwetu mtoto wa ndugu amelelewa siku zote bila siri yoyote. Anakaa Tabata kwa mama mkubwa, likizo anakwenda kwa mama aliyemzaa, na wote wawili anawaita mama. Hofu huanza pale mtoto anapokuwa hana udugu na nyumba inayompokea.

Kwa Tanzania Bara kinachotawala ni Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Mwombaji awe na umri wa angalau miaka 25, na amzidi mtoto kwa angalau miaka 21. Ombi la mtoto asiye wa ukoo wako linasikilizwa na Mahakama Kuu, baada ya kipindi cha kuishi na mtoto chini ya uangalizi wa ustawi wa jamii. Amri ya kuasili ikishatoka, haki na wajibu wa wazazi waliomzaa vinakoma na kuhamia kwako, na mtoto anakurithi kama uliyemzaa. RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi na vifo, wanamwandika kwenye daftari la watoto walioasiliwa, na kumbukumbu zinazounganisha daftari hilo na cheti chake cha mwanzo hazifunguliwi kwa mtu yeyote anayekuja kuulizia bila amri ya mahakama. Kwa hiyo upande wa serikali mlango unafungwa. Uwazi wowote utakaokuwepo ni ule mtakaoupanga nyinyi wenyewe, na wakati wa kuupanga ni kabla ya amri, afisa akiwepo na kila upande ukiwa bado na sababu ya kuusikiliza mwingine. Baada ya amri, mama mzazi anabaki kutegemea neno lako tu. Usimwahidi picha kila mwezi ili atie saini haraka. Kama unajua utaweza mara mbili kwa mwaka, sema mara mbili.

Tunavyoona sisi, kosa kubwa ni kuchanganya vitu viwili: mawasiliano na taarifa. Mawasiliano yanaweza kufungwa kwa sababu nzuri kabisa. Mama ameomba mwenyewe asitafutwe, au mtoto alitolewa kwenye nyumba ya kipigo, au upande wa baba wametishia kuja kumchukua. Taarifa hazina sababu ya kufungwa hata siku moja. Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi wanaozaliwa na selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi. Daktari atakapokuuliza kama kwao kuna selimundu, kifafa, pumu, kisukari au shinikizo la damu, "sijui" ni jibu linaloumiza, hasa kama miaka michache nyuma mama mzazi alikuwa ameketi mbele yako na hukumuuliza. Uliza pia ujauzito ulikwendaje, na kama alikuwa na maambukizi ya VVU, mtoto alipimwa wiki ya 6 na majibu yalikuwa nini. Mwisho muulize kabila, dini, majina ya babu na bibi, na kwa nini alimpa mtoto jina lile.

Mtoto aliyeokotwa naye ana taarifa, ingawa ni chache. Jalada la polisi lina tarehe, saa na mahali. Makao yaliyompokea yana daftari: uzito siku ile, nguo alizovaa, nani alimpa jina. Kama alifungwa kwenye kipande cha khanga, ombeni kipande hicho. Makao huhama na mafaili huliwa na mchwa, kwa hiyo nakala zichukueni mapema, afisa wenu akiwaombea.

Mkichagua mawasiliano, yanayoharibika mara nyingi ni madogo. Mnaweza kukubaliana kwamba anwani isijulikane, kisha mmoja akatuma nauli kwa simu na jina lake kamili likatokea kwenye muamala. Picha nzuri ya mtoto siku ya kufungua shule inaonyesha nembo ya shule kwenye sweta. Picha ya kibarazani inaonyesha geti na kibao cha mtaa. Picha ikiwekwa "status" na mjomba mmoja, kufika jioni Mbagala nzima imeiona. Tafuteni laini ya simu ya peke yake kwa kazi hii, na kabla ya kutuma picha ikateni ibaki uso na mabega.

Jingine ni pesa. Mahakama inataka kuhakikisha hakuna aliyelipwa ili mtoto aasiliwe. Kodi ya chumba au mtaji wa genge mnaompa mama mzazi kwa huruma kabla ya amri unaweza kusomeka kama malipo, hata kama nia yenu ilikuwa njema. Akiwa na shida, mpelekeni kwa afisa.

Kuonana kwa mara ya kwanza kusiwe nyumbani kwa yeyote. Bustani ya Mnazi Mmoja asubuhi inatosha, saa moja au mbili, watu wazima peke yao, na muda wa kuondoka ukijulikana tangu mwanzo. Lakini kumhusisha mtoto ni hatua nyingine, na hapa kuna kifungu ambacho wengi hawakijui. Sheria inamtaka mzazi aliyeasili amwambie mtoto kwamba aliasiliwa, na pia waliomzaa ni nani, ila iwe kwa faida ya mtoto na mtoto awe na angalau miaka 14. Mwingine yeyote akimwambia, iwe shangazi, jirani au mwalimu, ametenda kosa. Ndiyo maana mpango wa mtoto mdogo kukutana na mama aliyemzaa haupangwi kimyakimya. Uwekeni mbele ya afisa na wakili kwanza. Mtoto aliyekuja kwenu na miaka 6 ana kumbukumbu zake tayari, na kumlazimisha azisahau ni ukatili.

Kusubiri umri huo si ruhusa ya kutunga uongo. Wapo wanaojifunga nguo tumboni, au wanaokwenda mkoani miezi mitano na kurudi na kichanga. Uongo huo utabomolewa, na kwa kawaida anayeubomoa ni mtu mwenye hasira siku ya ugomvi wa mirathi. Mtoto wa miaka mitano akitaka kusimuliwa alipokuwa mdogo, msimulie lililo kweli: "Siku uliyofika nyumbani mvua ilinyesha, bibi akakukogesha maji ya vuguvugu, ukalala kifuani kwa baba mpaka alfajiri." Hapo hakuna neno utakalolazimika kulifuta baadaye.

Kwa familia za Kiislamu swali la wazi au kufungwa lina jibu lake tangu mwanzo. Katika kafala, yaani malezi ya mtoto wa mwingine kwa sheria ya Kiislamu, mtoto analelewa kwa ukamilifu lakini anabaki na nasaba ya baba yake, kama inavyosema Suratul Ahzab aya ya 5. Hakurithi kwa faradhi, yaani mafungu ya urithi yaliyowekwa na dini, ila unaweza kumwachia wasia usiozidi theluthi. Wanaofuata madhehebu ya Shafi huuliza pia kuhusu kunyonyesha: mara tano kamili kabla mtoto hajatimiza miaka miwili humfanya kuwa maharimu wa nyumba hiyo, yaani ndugu asiyeweza kuoana nao. Kujua nasaba kunazuia pia jambo zito, ndugu wa damu kuposana bila kujua.

Vyovyote mtakavyochagua, andaeni bahasha ngumu wiki ile ile amri inapotoka: nakala ya amri, kadi ya kliniki, maelezo ya afya ya ukoo, barua ya mama mzazi kama aliandika, picha yake kama aliitoa, na karatasi yenye jina la afisa aliyeshughulikia na namba ya shauri. Toeni nakala mbili. Moja ikae nyumbani mahali pakavu, ya pili kwa mtu asiyeishi nanyi, ambaye mmemweleza wazi kwamba si yake kuifungua.