Mkabala wa utambuzi katika saikolojia: maana yake

Mtu akikutajia namba ya simu nawe huna kalamu, utairudia kimoyomoyo. Apite jirani akusalimu, namba imeyeyuka. Kazi hiyo ya kichwani, ya kuishika namba, kuirudia na kuipoteza, ndiyo inayochunguzwa na mkabala wa utambuzi: namna akili inavyopokea taarifa, inavyozitafsiri, inavyozihifadhi na kuzitoa zinapohitajika.

Huenda ukashangaa kwamba kuna wakati wanasaikolojia wengi wa Marekani hawakutaka kusikia habari hizo. Mwaka 1913 mmoja wao, John Watson, alitangaza kuwa saikolojia ishughulike na tabia inayoonekana tu, na mawazo yakawekwa kando. Upepo uligeuka miaka ya 1950, kompyuta zilipoingia. Kama mashine inapokea taarifa, inazichakata na kutoa jibu, kwa nini tusiulize akili nayo inachakata vipi? Mwaka 1956 mwanasaikolojia George Miller alieleza kuwa kumbukumbu ya muda mfupi hubeba vitu 7 hivi, viwili zaidi au viwili pungufu.

Lakini kisichoonekana kinapimwaje? Hubadilishwa kitu kimoja nje, kisha hutazamwa jibu linavyobadilika. Mwaka 1974 wanasaikolojia Elizabeth Loftus na John Palmer waliwaonyesha wanafunzi filamu za ajali za magari, wakawauliza magari yalikuwa na kasi gani. Kilichobadilishwa ni kitenzi tu. Walioulizwa kasi "yalipobamizana" walikadiria wastani wa maili 40 na ushei kwa saa. Walioulizwa kasi "yalipogusana", maili 31.8. Filamu ni zilezile!

Kwangu mimi, jaribio lao la pili ndilo linalotisha. Wanafunzi wengine walionyeshwa filamu ya ajali, wakaulizwa kasi, na baada ya wiki moja wakaulizwa kama waliona vioo vilivyovunjika. Havikuwapo. Hata hivyo, kati ya 50 waliosikia "yalipobamizana", 16 walisema waliviona. Kati ya 50 waliosikia "yalipogongana", walikuwa 7. Kumbe tunapokumbuka hatufungui kabati na kutoa picha iliyohifadhiwa. Tunaijenga upya, na neno la muulizaji linaweza kuingia humo bila sisi kujua. Anayemhoji shahidi angepaswa kulijua hili kabla hajafungua mdomo.

Mfano wa kompyuta una upungufu wake, bila shaka. Kompyuta haioni njaa wala haifiwi.

Mkabala huu umefika hadi kwenye tiba. Kuanzia miaka ya 1960, Aaron Beck, daktari wa magonjwa ya akili huko Philadelphia, aliona kuwa wagonjwa wake wa sonona walikuwa na mawazo ya haraka ya kujihukumu. Chukua mfano wa salamu: umemsalimu rafiki njiani, hakuitika. Mmoja atasema, "Hakunisikia," aendelee na safari yake. Mwingine atasema, "Amenichoka, kama wengine wote," na siku nzima imeharibika. Tukio ni moja. Mtaalamu wa tiba iliyotokana na uchunguzi huo wa Beck hamkatazi huyo wa pili kuwaza hivyo. Humuuliza: una ushahidi gani?