Mamlaka katika michoro ya wino ya Baroko

Mchoro wa wino wa Baroko ni mchoro uliofanywa kwa kalamu au brashi juu ya karatasi huko Ulaya, takriban kati ya 1600 na 1750, enzi ambayo wafalme na Kanisa Katoliki waliwaajiri wasanii ili ukuu wao uonekane kwa macho. Mingi haikukusudiwa kutundikwa ukutani. Ilikuwa matayarisho ya picha za rangi, sanamu au majengo, na ndiyo maana humo tunauona ukuu ukiwa bado unatengenezwa, kabla haujavikwa dhahabu.

Vifaa vyenyewe vilikuwa vya kawaida: kalamu ya unyoya wa bata bukini au ya tete, wino wa kahawia ambao mara nyingi ulitokana na masizi ya kuni, na wino huohuo ukizimuliwa kwa maji ili kupaka vivuli. Wekundu wa joho na mng'aro wa taji havikuwezekana. Mchoraji alimweka mtawala juu ya ngazi ili atazamwe kutoka chini, akamzungushia nguzo na mapazia, akaunyoosha mkono wake kama wa mwenye kuamuru, na zaidi ya yote akaiacha karatasi tupu pale alipo huku waliomzunguka wakizama kivulini. Nuru ya mfalme, kwa hiyo, ni mahali ambapo wino haukugusa.

Rembrandt, mchoraji wa Uholanzi, alikuwa mtulivu zaidi. Akiwa Amsterdam, kati ya takriban 1656 na 1661, alinakili picha ndogo za watawala wa dola ya Mughal ya India, akiwemo Shah Jahan, na humo mamlaka yamo katika kimo na vazi, bila kishindo.

Mfano ninaouthamini kuliko yote, hata hivyo, unakwenda kinyume. Gian Lorenzo Bernini, aliyewatukuza mapapa kwa marumaru na shaba, alimchora pia Papa Innocent XI, aliyeanza kutawala 1676, kwa mistari michache tu: mzee aliyekonda, ameegemea mito kitandani, kofia ya cheo imemzidi kichwa, kidole kirefu kama mguu wa panzi kikitoa baraka au amri, si rahisi kutofautisha. Katika kibonzo hicho, kilichohifadhiwa Leipzig, Ujerumani, kofia na mkono vingalipo, lakini nguzo, pazia na kivuli vya kumkuza vimeondolewa, na kilichosalia ni mwili dhaifu uliovaa cheo.