Ulimi mtamu pekee haushindi kesi kubwa

Wengi hudhani wakili wa kesi nzito za biashara hushinda kwa ufasaha wake mbele ya jaji. Kesi ya serikali ya Marekani dhidi ya Microsoft, kampuni ya programu za kompyuta iliyoshtakiwa kwa kuhodhi soko, yaonyesha vingine. Agosti 1998, kabla kesi haijaanza kusikilizwa Oktoba, David Boies, wakili binafsi aliyepewa kazi na Wizara ya Sheria, alimhoji Bill Gates, mkuu wa Microsoft, chini ya kiapo, nje ya mahakama, kamera ikirekodi. Gates alikwepa maswali. Barua pepe zake mwenyewe zikamsuta. Kwangu, ushindi wa serikali ulianzia hapo, kwa waliozisoma nyaraka hizo usiku na mchana. Mahakamani hapakuwa na baraza la raia waamuzi (jury) la kushawishiwa; jaji aliamua mwenyewe. Mashahidi waliwasilisha ushahidi wao mkuu kwa maandishi, mawakili wakabakiwa hasa na maswali ya dodoso, yaani kuwahoji mashahidi wa upande wa pili.