Waifai ipo, intaneti haipo: maana yake

Alama ya waifai kwenye simu imejaa, kando yake kuna alama ya mshangao, na ujumbe wa WhatsApp umebaki na kile kisaa chake, hauendi. Maana yake ni kwamba simu imefika kwenye ruta, ila ruta haijafika kwenye intaneti. Waifai ni mawasiliano ya redio kati ya simu na ruta, mita chache tu ndani ya nyumba. Intaneti yenyewe inaingia kwa njia nyingine: waya wa faiba, laini ya 4G au 5G iliyo ndani ya ruta, au antena ya juu ya paa. Njia moja inaweza kuwa nzima huku nyingine ikikata na kurudi kutwa nzima. Ndiyo maana kabla ya kubonyeza chochote ni lazima kwanza ujue imekatika wapi. Watu wengi hununua ruta mpya kwa tatizo ambalo liko kwenye waya, au humlaumu mtoa huduma kwa tatizo la chaja.

Kipimo chake hakigharimu kitu. Unganisha kompyuta na ruta kwa waya, usitumie waifai. Kwenye Windows fungua cmd, lile dirisha la kuandikia amri, andika ipconfig, na utaona anwani ya ruta mbele ya maneno Default Gateway. Mara nyingi ni 192.168.1.1 au 192.168.0.1. Andika ping -t na anwani hiyo. Fungua dirisha la pili la cmd, andika ping -t 8.8.8.8, ambayo ni anwani ya Google iliyo nje kwenye intaneti. Acha yote mawili yaendelee mpaka neti ikate, kisha tazama lipi limenyamaza.

Kama ruta inajibu na 8.8.8.8 haijibu, tatizo liko nje ya ruta, upande wa mtoa huduma au njia ya kumfikia. Kama yote mawili yamenyamaza, ruta yenyewe imeganda au imejizima na kujiwasha. Kama yote yanajibu lakini tovuti hazifunguki, kilichokwama ni DNS, ile huduma inayogeuza majina ya tovuti kuwa anwani za namba. Ingia kwenye ukurasa wa mipangilio ya ruta, kwa kuandika anwani yake kwenye kivinjari, uweke 1.1.1.1 na 8.8.8.8 mahali pa DNS. Na kama kompyuta yenye waya haikatiki hata kidogo huku simu zinakatika, basi intaneti ni nzima na waifai ndiyo mgonjwa.

Kwa wenye faiba, taa zinasema mengi. Taa ya PON, yaani ya muunganisho wa faiba, ikiwa ya kijani na imetulia, kifaa kimetambuliwa na mtoa huduma. Ikipepesa bila kutulia, kinajaribu kujisajili na kinashindwa. Taa ya LOS ikiwaka nyekundu, mwanga haufiki au umefika dhaifu mno. Ndani ya ukurasa wa ruta kuna sehemu inayoonyesha nguvu ya mwanga unaopokelewa, imeandikwa RX Power, kwa kipimo cha dBm. Vifaa vingi vya nyumbani vya GPON, aina ya faiba inayotumika sana majumbani, vimetengenezwa kupokea kati ya -8 na -27. Kila namba hiyo ikishuka kwa 3, nusu ya mwanga imepotea. Nyumba inayosoma -19 iko salama, inayosoma -26.5 inafanya kazi ukingoni, na hapo mabadiliko madogo, joto la mchana au mtu kuusogeza waya, yanatosha kuikata kisha ikarudi yenyewe. Ukiona intaneti inakatika bila mpangilio, andika namba hiyo wakati ipo vizuri, na uiandike tena inapokatika.

Mwanga hupotea wapi? Mara nyingi ni mita mbili za mwisho, ndani ya sebule. Waya wa faiba umebanwa na mlango, umekunjwa nyuma ya meza ya televisheni, au umekandamizwa na mguu wa kochi. Ndani yake mna uzi wa kioo, na ukiukunja kupita kiasi mwanga unavuja kwenye kona. Uache ujipinde kwa duara pana, lisilopungua nusu kipenyo cha sentimita 3. Kisha tazama kichwa chake. Kile cha rangi ya kijani kimekatwa kwa mshazari wa nyuzi 8, cha bluu hakina mshazari. Ukichomeka cha kijani kwenye tundu la bluu nyuso hazikutani sawasawa na mwanga mwingi unapotea. Ncha nyeupe ya katikati isiguswe kwa kidole, kwa sababu mafuta ya ngozi na vumbi vinatosha kuzuia mwanga. Kama imechafuka, ifutwe kwa kitambaa kisichotoa nyuzi, chenye spiriti ya kusafishia vifaa vya elektroniki. Na usichungulie ndani ya waya hata kidogo: mwanga wake hauonekani kwa jicho, lakini unaweza kuliumiza.

PON ikiwa kijani imetulia lakini taa ya intaneti ni nyekundu, waya hauna kosa. Hapo ruta imekataliwa kuingia: malipo ya mwezi yamekwisha, au jina na nenosiri la PPPoE, ambavyo ruta hutumia kujitambulisha kwa mtoa huduma, vimefutika.

Ruta za laini zina kipimo chao, RSRP, yaani nguvu ya mawimbi yanayotoka kwenye mnara, nacho pia ni kwa dBm. Karibu na -80 au -90 ni nzuri, -100 ni dhaifu, na ikivuka -110 tarajia kukatika. Zipeleke karibu na dirisha linaloelekea mnara, juu, mbali na mabati na kuta za zege. Sogeza kidogo, subiri dakika moja, soma namba tena. Ikiwa ruta inarukaruka kati ya 4G na 3G, ichagulie 4G peke yake, maana kila ikihama mawasiliano yanakatika. Kama namba ni nzuri na bado saa za jioni inakwama, mnara umeelemewa na watumiaji, na hakuna kifaa cha nyumbani kitakachoondoa hilo.

Sasa chaja, ambayo husahaulika kuliko kitu chochote. Tafuta kwenye ukurasa wa ruta muda ambao imekuwa ikiwaka, umeandikwa Uptime. Ikiwa kila neti inapokata muda huo unaanza upya kutoka sifuri, intaneti haina tatizo, ruta inazimika. Soma chini ya ruta: mfano volti 12, ampia 1.5. Chaja mbadala ya volti 12, ampia 0.5 itawasha taa zote, na ruta itaonekana nzima mpaka watu watano waanze kutazama video, kisha inajizima. Volti ziwe zile zile, ampia ziwe sawa au zaidi. Mahali ambapo umeme unapepesa, betri ndogo ya ruta yenye volti zile zile huondoa tatizo hili. Usiifunike ruta kwa kitambaa wala kuiweka juu ya kisimbuzi. Joto nalo huigandisha.

Kwa waifai yenyewe, kwenye gigahezi 2.4 chagua chaneli 1, 6 au 11, kwa kuwa hizo tatu haziingiliani. Kwenye gigahezi 5, chaneli 52 hadi 144 katika nchi nyingi zinatumika pamoja na rada. Ruta ikihisi rada inalazimika kuhama, na vifaa vyote vinakatika kwa muda. Chaneli 36 hadi 48 hazina usumbufu huo. Na kama umeongeza ruta ya pili kusogeza mawimbi, izimie DHCP, ile huduma inayogawia vifaa anwani, la sivyo zote mbili zitagawa anwani na vifaa vitapotea njia. Kifaa chenye anwani inayoanza na 169.254 hakijapewa anwani na ruta yoyote.

Kuzima ruta, kusubiri sekunde 30 na kuiwasha hakuna madhara. Kile kitufe kidogo ndani ya tundu ni jambo jingine: ukikishikilia sekunde kama 10 kinafuta mipangilio yote, pamoja na ile ya mtoa huduma, na tatizo dogo linageuka kuwa la kumngoja fundi.

Wakati mwingine kosa liko mbali sana na nyumba. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, na Tanzania, Kenya na majirani wao wakakosa intaneti au wakaipata kwa shida, huku taa za ruta zikiwa kijani. Kwa hiyo waulize majirani wenye mtoa huduma tofauti kabla ya kufungua chochote. Ukipiga simu kwa huduma kwa wateja, usiseme tu kwamba neti inakata: wape saa iliyokata, rangi ya taa ya PON na LOS, namba ya RX Power au RSRP, na kama Uptime ilianza upya. Ukiwa na hayo, fundi atakuja na kifaa anachokihitaji.