Hawakukaidi: dhana potofu kuhusu wanaobaki mlimani onyo likishatolewa

Kila mlima unapomwagika, habari huja na neno lake: "Wakazi walikaidi agizo la kuhama." Utalisikia redioni saa moja asubuhi, utalikuta kwenye taarifa ya mkuu wa wilaya, na ikifika adhuhuri limeshakuwa hukumu mitandaoni: waliambiwa, hawakusikia, wamejitakia.

Neno hilo linanikera. Mkaidi ni mtu aliyesikia, akaelewa, akawa na pa kwenda, kisha akagoma. Ukiichambua mikasa mikubwa ya maporomoko ya matope mmoja mmoja, watu wa aina hiyo ni haba kuliko tunavyosimuliwa. Unachokutana nacho ni watu waliopiga hesabu usiku, kwenye giza, kwa taarifa walizokuwa nazo. Hesabu ikawaangusha.

"Ni umaskini na kutosoma"

Hii ndiyo dhana inayopendwa kuliko zote, kwa sababu inamweka msemaji upande salama. Basi twende Montecito, mji mdogo wa pwani ya California, Marekani, ambako Oprah Winfrey ana makazi yake. Umaskini huko utautafuta kwa tochi.

Desemba 2017 moto mkubwa wa nyika uliunguza milima iliyo juu ya mji huo. Moto wa namna hiyo hauli majani tu. Huacha udongo mtupu, na chini kidogo ya majivu hutengeneza tabaka lisilopenyeka, kama ardhi iliyopakwa nta. Mvua ikinyesha, maji hayazami. Yanateremka na kila kitu. Wataalamu walilijua hilo, na mvua ilipotabiriwa mwanzoni mwa Januari 2018, kaunti ilitoa maagizo kabla haijafika. Waliokuwa juu ya barabara ya 192 waliambiwa ni lazima wahame. Waliokuwa chini yake waliambiwa ni hiari.

Usiku wa kuamkia tarehe 9 Januari ilishuka mvua ya dakika chache, kali ajabu. Matope yalifuata mikondo ya vijito yakibeba mawe makubwa kama magari, yakapita katikati ya nyumba hadi barabara kuu ya 101. Watu 23 walikufa. Baadaye maafisa walikadiria kwamba katika eneo la lazima, waliohama walikuwa asilimia 10 hadi 15 tu.

Hao ni watu wenye magari mawili uani, bima ya nyumba na pesa ya hoteli. Kwa nini walibaki? Wiki chache tu kabla yake walikuwa wamehamishwa kwa sababu ya moto. Walikuwa ndio kwanza wamerudi na kufungua mabegi. Ukimwambia mtu aliyekimbia moto kwamba sasa akimbie mvua, na nje bado hakujanyesha tone, atakutazama mara mbili. Wa upande wa chini nao walisoma neno "hiari" jinsi ambavyo mimi na wewe tungelisoma: si lazima, maana yake si hatari sana. Wengi miongoni mwa waliokufa walikuwa upande huo. Ujumbe wa dharura ulilia kwenye simu saa kumi kasoro dakika kumi alfajiri, matope yakiwa yameshaanza kushuka.

Hakuna aliyewaita wale wa Montecito wajinga. Jina hilo tunawawekea wa Bududa, Uganda.

"Lakini onyo lilitolewa"

Onyo gani? Hapa ndipo taarifa za serikali zetu huteleza. Agosti 2023 Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania ilitangaza kwamba vuli ya mwaka ule ingekuwa na mvua juu ya wastani kwa sababu ya El Niño. Utabiri ulikuwa sahihi. Alfajiri ya Jumapili, tarehe 3 Desemba, sehemu ya Mlima Hanang iliachia, matope na magogo yakashuka hadi Katesh na vijiji vya jirani. Waliofariki walikuwa wapatao 89.

Je, walikuwa wameonywa? Kwa karatasi, ndiyo. Lakini kutoka "mvua juu ya wastani" hadi "wewe wa kijiji cha Gendabi, usilale nyumbani leo" ni safari ndefu, na hakukuwa na mtu wa kuisafiri. Wengi hawakujua hata ni kitu gani kimewapiga. Wapo waliosema ni volkano imeamka, kwa kuwa Hanang ni volkano ya zamani. Wapo waliosema ni tetemeko. Ilibidi wataalamu wa serikali waeleze kwamba mlima ulinyonya maji, miamba yake laini ikashindwa kujibeba. Mtu anawezaje kukaidi onyo la jambo ambalo hata jina lake hajalisikia?

Mwaka huohuo Kenya ilionyesha namna nyingine ya kuliharibu onyo. Oktoba 2023 Rais Ruto alisema ile El Niño iliyotabiriwa haitakuja. Idara ya Hali ya Hewa ikasema mvua kubwa bado ipo. Novemba mafuriko yakaja. Mwananchi wa bondeni alikuwa amesikia sauti mbili, zote za serikali, akachagua ile iliyomruhusu kulala.

"Tusiwatangazie mapema, watapagawa"

Hii ni dhana ya ofisini, na ndiyo inayoua zaidi. Kituo cha utafiti wa majanga kilichoanzishwa mwaka 1963 katika Chuo Kikuu cha Ohio State, Marekani, ambacho leo kiko Chuo Kikuu cha Delaware, kimewachunguza watu wakati wa majanga kwa miongo mingi. Matokeo yamekuwa yakirudi palepale: watu wakipata habari ya hatari, ni nadra wapagawe. Shida huwa ni kinyume chake. Hawaamini haraka. Wanataka kuhakikisha kwanza.

Chukua nyumba yoyote kwenye mteremko. Saa mbili usiku, mvua inapiga bati hadi watu wanaongea kwa kupiga kelele. Chifu amepita jioni na kipaza sauti.

"Baba Kiprop, umesikia alivyosema chifu?"

"Nimesikia. Hata mwaka juzi alisema."

"Na mama je? Tutambebaje na miguu ile?"

Mzee anatoka hadi barazani, anatazama upande wa jirani. Taa inawaka. Kama jirani yupo, basi mambo si mabaya hivyo. Anarudi ndani. Asichojua ni kwamba jirani naye amechungulia dirishani, akaiona taa yao, akawaambia watu wa nyumbani mwake: "Hata hao wa chini hawajaondoka."

Hapo hapana ukaidi. Zipo taa mbili zinazodanganyana. Angekuja mtu mmoja wanayemwamini, akagonga mlango na kusema "mimi naondoka, twendeni," nyumba zote mbili zingekuwa tupu ndani ya nusu saa. Kipaza sauti hakigongi mlango.

"Babu aliishi hapa, na sisi tutaishi"

Hii ni dhana ya wenyeji wenyewe, na sitaki kuipuuza, maana ina mantiki yake. Mteremko ukishamwagika, chini yake huacha udongo mpya, mzito, wenye rutuba, na karibu kuna maji. Watu hujenga hapo kwa sababu panafaa. Kisha miaka inapita bila tukio, na kila mwaka wa salama unahesabiwa kuwa ushahidi.

Mji wa Armero nchini Kolombia ulijengwa hivyohivyo, juu ya matope yaliyokauka ya mlima wa volkano wa Nevado del Ruiz. Matope hayo yalikuwa yameshashuka mwaka 1595 na tena 1845. Kufikia 1985 hapakuwa na babu hai aliyeyaona. Oktoba mwaka huo ramani ya hatari ilikuwa tayari, na Armero imo. Tarehe 13 Novemba, alasiri, mlima ulianza kutoa majivu, na jioni yakaunyeshea mji. Redio ikawatuliza watu, watulie majumbani. Majivu yakakatika, watu wakaingia kulala. Saa tatu usiku mlima ukalipuka, joto likayeyusha theluji ya kileleni, na matope yakaanza safari ya zaidi ya saa mbili kuteremka mabondeni. Yalifika karibu saa tano na nusu. Katika mji wa watu wapatao 29,000, zaidi ya 20,000 walikufa.

Zaidi ya saa mbili. Kutembea tu hadi kwenye kilima cha jirani kungewatosha. Lakini wenye mamlaka waliogopa gharama na aibu ya kuhamisha watu bure, nao watu walikuwa wametii walichoambiwa: mtulie.

Na isidhaniwe kwamba kumbukumbu ikiwa mbichi ndiyo dawa. Chesongoch, kwenye Bonde la Kerio nchini Kenya, ilipigwa 2010 na 2012. Mwaka 2020 maji yakabeba kituo cha biashara. Novemba 2025 mlima ukaangukia watu tena wakiwa usingizini. Huko hakuna aliyesahau. Wanajua, na bado mashamba yako hapo.

"Mvua ikikatika, hatari imepita"

La. Maji huendelea kuzama na kuujaza udongo hata baada ya jua kutoka, na mteremko unaweza kuachia saa kadhaa baadaye. Mto ukipungua ghafla wakati wa mvua usifurahi: huenda juu pameziba. Wengine hudhani watalisikia poromoko likija, wakimbie. Matope yenye mawe yanaweza kupita kilomita 50 kwa saa, na usiku huo bati linapiga kelele kuliko mlima.

Tena pigo la kwanza si lazima liwe la mwisho. Gofa, kusini mwa Ethiopia, Julai 2024, watu walikimbilia kuwafukua majirani zao, na mteremko ukashuka mara ya pili juu ya waokoaji. Waliokufa walizidi 200.

"Serikali ikisema hama, inakutakia mema"

Labda. Ila mpangaji wa Mathare, mtaa wa mabanda jijini Nairobi, ana sababu ya kutega sikio. Usiku wa kuamkia tarehe 29 Aprili 2024, maji yaliyokuwa yamekwama kwenye mfereji ulioziba chini ya tuta la reli yalipasuka na kuufagia mji wa Mai Mahiu. Siku chache baadaye serikali ya Kenya ikawaamuru wanaoishi karibu na mabwawa 178 waondoke, na wa kandokando ya mito ya Nairobi nao wakapewa saa za kuhesabika kuondoka. Nyuma ya amri yakaja matingatinga. Kila kaya iliahidiwa shilingi 10,000. Kwa watu wengi jijini, pesa hiyo ni kodi ya mwezi mmoja au miwili ya chumba, kama utakipata mwenye nyumba akiwa hajapandisha bei.

Sisemi amri ilikuwa na nia mbaya. Mito ilikuwa imefurika kweli. Nasema onyo na bomoabomoa vikifika kwa gari moja, safari ijayo mtu akisikia "hatari" atauliza kwanza nani anakitaka kiwanja. Tena hilo ni swali la mtu mwenye akili timamu.

"Wahamishwe tu, tatizo litaisha"

Tarehe 1 Machi 2010, kwenye mteremko wa Mlima Elgon upande wa Uganda, kijiji cha Nametsi wilayani Bududa kilifukiwa pamoja na kituo chake cha afya, ambako watu walikuwa wameingia kujikinga mvua. Inakadiriwa waliokufa ni zaidi ya 300. Serikali ilifanya kile ambacho kila mchangiaji mtandaoni husema kifanywe: ikawachukua mamia ya kaya na kuwapa ardhi Kiryandongo, upande wa magharibi, mbali na mlima wowote wa kuogofya.

Hebu jiweke hapo. Wewe ni Mmasaba, mwenyeji wa Elgon. Umezaliwa kwenye kahawa na migomba, mahali pa baridi ambapo ukichomeka kijiti kinaota. Mwanao anatakiwa kutahiriwa kwa imbalu, tohara ya kimila, mbele ya watu wa ukoo. Wazazi wako wamezikwa nyuma ya nyumba. Sasa uko tambarare, kuna joto, majirani wana lugha nyingine, zao ni mahindi, na kahawa yako iko nyuma ya siku nzima ya basi, inavunwa na nani? Wapo walioweza. Wapo waliorudi Bududa wakiijua hatari kwa majina ya waliowazika.

Mlima uliendelea. Oktoba 2018 matope yalishuka tena Bukalasi, watu zaidi ya 40 wakafa. Novemba 2024 ikawa zamu ya Bulambuli, wilaya nyingine ya Elgon. Katikati ya mikasa hiyo serikali ilibadili mpango: tangu 2019 imekuwa ikijenga nyumba Bunambutye, kwenye tambarare iliyo chini ya mlima wenyewe, ambako mtu akisimama mlangoni anauona Elgon. Huko nako malalamiko hayakosekani, hasa ya udogo wa mashamba. Na wapo wanaoamka kabla jua halijawa kali, wanapanda kwenda kupalilia kahawa, wakiyatazama mawingu, kisha jioni wanateremka kulala.